Gitaa Hili Ni la Mwaka Gani? Namba Iache Mwisho

Magitaa mawili ya Gibson, moja la 1964 na jingine la 1967, yanaweza kuwa na namba ileile nyuma ya kichwa, tarakimu zote sita, na yote mawili yakawa halali ya kiwandani. Hapo hakuna aliyechakachua. Kiwanda chenyewe, enzi hizo kikiwa Kalamazoo, Michigan, kilirudiarudia namba zake katika miaka ya 1960 bila kufikiria nani atakuja kuzisoma baadaye. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ameingiza namba ya siriali kwenye intaneti na ikamjibu "1964", bado hajakwambia kitu.

Soko letu la magitaa ya umeme yaliyotumika limejengwa juu ya imani katika namba hiyo. Gitaa limeingia na kontena la mitumba, au limeletwa na ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo, au limetolewa stoo ya kanisa baada ya kununuliwa seti mpya, au mpigaji analiuza apate pesa ya kuongezea kwenye jingine. Lolote liwe, mazungumzo ni yaleyale: jina lililoandikwa kichwani, namba iliyo nyuma, neno "orijino", kisha bei. Ushauri wangu ni kwenda kinyume chake. Anza na vipimo na maungio, tazama vyuma, fungua uone umeme, na namba uisome mwisho kabisa. Namba hubandikwa kwa dakika chache. Urefu wa shingo haubadiliki mpaka mtu atengeneze shingo nyingine.

Tenganisha pia maswali mawili ambayo watu huyachanganya: hili ni modeli gani, na hili ni la mwaka gani. Fender Stratocaster ilianza kuuzwa 1954 na haijawahi kuachwa. Imetengenezwa Marekani, Mexico na Japani, na ndugu yake wa bei nafuu, Squier, imetengenezwa Japani, Korea, China na Indonesia. Ukiambiwa "hii ni ya 1996" bila kuambiwa ni ya kiwanda gani na ya ngazi gani, umepewa nusu ya jibu, tena ile nusu nyepesi. Kwa magitaa mengi yanayozunguka hapa kwetu umri hauongezi hata shilingi. Bei iko kwenye modeli na hali ya gitaa lenyewe.

Rula kwanza

Pima kutoka kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki ambapo nyuzi zinaingilia kichwani, hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo). Zidisha mara mbili. Huo ndio urefu wa uzi unaolia, na kila kiwanda kina desturi yake. Stratocaster na Telecaster zina milimita 648, kwa hiyo freti ya 12 utaikuta kwenye 324. Les Paul na SG za Gibson ziko kwenye 628 hivi, yaani nusu yake 314. PRS, chapa nyingine ya Marekani, imekaa katikati, 635. Fender Mustang na Jaguar ni fupi zaidi, 610.

Tofauti ya milimita kumi kwenye nusu ya uzi haihitaji fundi. Rula ya mwanafunzi inatosha. Gitaa lenye umbo la Les Paul na maandishi ya Gibson likikupa 324, hapo limekwisha kujisema. Kinyume chake hakithibitishi: kopi nyingi nzuri hufuata kipimo cha Gibson sawasawa. Karibu kila kipimo katika kazi hii kina tabia hiyo. Kinajua kukataa kuliko kinavyojua kukubali.

Kisha geuza gitaa utazame shingo imeunganishwaje na mwili. Leo Fender alianza na shingo ya kufungwa kwa skrubu nne na bamba la chuma, na mtindo huo umebaki mpaka leo. Gibson hugundisha shingo. Les Paul yenye skrubu nne nyuma karibu kila mara ni Epiphone (chapa ya bei nafuu ya Gibson) ya bei ya chini au kopi ya kampuni nyingine. Ukikuta Stratocaster yenye skrubu tatu badala ya nne, unatazama mtindo wa miaka ya 1971 hadi 1981 hivi, au toleo la kuukumbuka mtindo huo.

Hesabu freti. Stratocaster za zamani zina 21. Ile ya 22 iliingia kwenye Stratocaster ya kawaida ya Marekani mwaka 1987, na modeli iitwayo American Standard. Anayekuuzia "Strat ya 1965" yenye freti 22 anakuuzia, kwa uchache kabisa, shingo ambayo si ya mwaka huo. Kichwa nacho kinasema: kilikuwa kidogo tangu mwanzo, kikanenepa, yaani kikawa kipana zaidi, mwishoni mwa 1965, baada ya kampuni ya CBS kuinunua Fender Januari ya mwaka huo, na kikabaki kinene hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini vichwa vya aina zote mbili vimerudishwa tena na tena katika matoleo ya baadaye, kwa hiyo hapa pia, kataa kwa uhakika na ukubali kwa tahadhari.

Tazama pia briji, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwili. Ile ya zamani ya Fender yenye skrubu sita mbele ina milimita 56 kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita. Briji nyingi za Asia ziko kwenye 52 au 53. Briji inayoegemea nguzo mbili tu, badala ya kufungwa kwa skrubu sita, ilikuja na ile American Standard ya 1987 na sasa imeenea hadi kwenye magitaa ya bei ya chini.

Fungua

Legeza nyuzi kabla ya kugusa skrubu za shingo, tena taratibu. Muuzaji akikataa usifungue, si lazima awe mwongo. Wengine wanaogopa tu gitaa kuharibiwa. Mwombe afungue yeye mwenyewe.

Kwenye Fender ya Marekani ya zamani, kisigino cha shingo, ile sehemu inayofichika ndani ya mwili, huwa na tarehe: kwa penseli katika miaka ya 1950, kisha kwa muhuri kuanzia 1962. Tarehe hiyo ni ya shingo. Shingo zilikaa kwenye rafu za kiwanda wiki au miezi kabla ya kukutana na mwili, na baadhi ya miili ina tarehe yake peke yake. Zikipishana kwa miezi michache hakuna tatizo. Zikipishana kwa miaka saba, hayo ni magitaa mawili yaliyooana barabarani.

Magitaa ya Japani yana mtego wake. Maneno "Made in Japan" mara nyingi huwekwa kwenye kisigino hichohicho cha shingo, na kuanzia 1997 hivi utakuta "Crafted in Japan", kipindi ambacho Fender ilihamisha kazi yake ya Japani kutoka kiwanda cha FujiGen. Mwenye gitaa akibadilisha shingo, uraia wa gitaa unaondoka na shingo ile.

Ukiwa umefungua, chungulia ndani ya mashimo ya waya kwa tochi. Matabaka ya plaiwudi yataonekana hapo hata kama juu kumepakwa rangi ya kuvutia. Tazama pia maungio ya lehemu. Lehemu ya kiwandani hufanana pointi hadi pointi. Penye mkono wa fundi wa pili utaona donge kubwa zaidi, waya wa rangi nyingine, plastiki iliyoungua kidogo. Hilo si kosa. Ni historia, na inakwambia kuwa poti (kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti au toni) au pikapu (kile kinachonasa mlio wa nyuzi) huenda si ya siku ya kwanza.

Na poti ndizo zinazonifurahisha kuliko kitu kingine ndani ya gitaa la Marekani. Kwenye mgongo au ubavu wa kila poti hugongwa namba: tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji, zinazofuata ni mwaka na wiki. CTS ni 137. Stackpole ni 304. Centralab ni 134. Ukisoma 1376614, poti hiyo ni ya CTS, wiki ya 14 ya mwaka 1966. Za zamani zaidi hutumia tarakimu moja tu ya mwaka, ukabaki kuchagua kati ya miongo miwili, na umbo la gitaa ndilo linalokusaidia kuchagua.

Sasa, usiruke ukaandika "gitaa la Aprili 1966". Chini ya CBS, Fender ilinunua shehena kubwa ya poti mwaka 1966, ikazitumia kwa miaka kadhaa, hivi kwamba magitaa ya 1968 na 1969 yana poti za 1966 na ni halali kabisa. Poti inakupa sakafu, haikupi dari: gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya poti yake kutengenezwa. Kusanya sakafu zote, za shingo, za mwili, za poti tatu, na ile ya karibuni zaidi miongoni mwa sehemu ambazo hazijaguswa ndiyo ya kuifuata.

Magitaa mengi ya Asia hayana msimbo huo. Utakuta poti ndogo za kipenyo cha milimita 16 badala ya zile pana za 24 za Marekani. Zinafanya kazi, na wengine hawatambui tofauti kwa sikio, lakini ukizikuta ndani ya "Fender ya Marekani ya zamani" isiyo na dalili yoyote ya kubadilishwa waya, funga kifuniko urudishe bisibisi mfukoni.

Kutu na mikwaruzo

Watu wa pwani tuwe waangalifu zaidi hapa. Gitaa likikaa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja karibu na upepo wa bahari, skrubu zake huota kutu na vifuniko vya pikapu hupauka katika muda mfupi ambao mtu wa bara hawezi kuamini. Kutu ya hapa kwetu haisemi lolote kuhusu 1965.

Mikwaruzo ndiyo kabisa. Tangu 1995 Fender yenyewe inauza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi kiwandani, rangi imebanduliwa mahali ambapo mkono ungepita, vyuma vimefubazwa kwa ustadi. Kama kiwanda kinaweza, kijana mwenye msasa na chai nzito anaweza pia. Angalia uchakavu una mantiki: mkono wa mpigaji hula rangi juu ya mwili na nyuma ya shingo, mkanda wa suruali hukwaruza mgongo, freti hulika zaidi chini ya nyuzi nyembamba kwenye nafasi za mwanzo. Mwili uliochakaa kama vitani, wenye freti mpya na shingo safi, unahitaji maelezo.

Namba, hatimaye

Namba ya gitaa ni kama namba ya jezi: inakusaidia ukiwa tayari unajua ni timu gani inacheza.

Kwa Fender, hadi 1976 namba ilikuwa kwenye chuma, kwa miaka mingi kwenye bamba la shingo. Bamba hilo hufunguliwa kwa skrubu nne na huhamia gitaa lolote. Kisha namba ikapanda kichwani ikiwa na herufi ya muongo: S kwa miaka ya sabini, E ya themanini, N ya tisini, Z ya elfu mbili, na tarakimu inayofuata ni mwaka. S7 ni 1977, E8 ni 1988, Z4 ni 2004. Za Mexico huongezewa M mbele, MN7 ni 1997, MZ3 ni 2003. Kuanzia 2010 Marekani ikawa US10 na kuendelea, Mexico MX10 na kuendelea.

Utaratibu mzuri, ila wenye mashimo. Stika za mwaka mmoja zilitumika hadi zikaisha, hata kama mwaka mpya umeingia. Na mwaka 1990 ziliwahi kubandikwa stika za N9 kwa makosa, miaka tisa kabla ya wakati wake, kwa hiyo kuna Fender za 1990 zinazojitangaza kuwa za 1999. Herufi V kwenye bamba la shingo ni mtego mwingine: ni alama ya matoleo ya Marekani, yaliyoanza 1982, yanayoiga magitaa ya zamani. Ni magitaa mazuri sana. Ila "modeli ya 62" na "ya mwaka 1962" ni vitu viwili, na tofauti ya bei kati yake inanunua gari.

Gibson ilijirekebisha 1977 kwa namba ya tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano zinaunda mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka, zilizobaki ni mfuatano wa kazi ya siku hiyo. Chukua 90453417: mwaka ni 93, siku ya 045. Gitaa hilo lilipigwa muhuri tarehe 14 Februari 1993. Mpangilio huo ulidumu hadi 2005, ukaongezwa tarakimu moja, na kwa miaka michache kuanzia 2014 tarakimu mbili za mwanzo zenyewe zilikuwa ndizo mwaka. Faida yake ni kwamba feki za kizembe hujikamata: tarakimu za siku zikisoma 876, hakuna mwaka wenye siku hizo. Feki makini hunakili namba halali kutoka picha ya gitaa halisi, na hapo namba haina msaada tena. Rudi kwenye mbao. Kifuniko kidogo cha plastiki kichwani, kinachoficha chuma cha kurekebisha shingo, kwenye Gibson hufungwa kwa skrubu mbili; feki nyingi zina tatu.

Les Paul za miaka ya 1950 zina namba ya wino ambayo tarakimu yake ya kwanza ni mwaka, kwa mfano 9 na kisha nyingine nne kwa 1959. Matoleo ya kisasa ya kuiga gitaa la 1959 nayo huanza na 9, kwa wino, kwa mtindo uleule. Gibson haikumdanganya mtu, ilitaka yafanane. Wauzaji wa mkono wa tatu ndio husahau kutaja.

Ibanez, chapa ya Japani, ni rafiki wa mnunuzi. Za Japani kati ya 1975 na 1987 huanza na herufi ya mwezi, A kwa Januari hadi L kwa Desemba, kisha tarakimu mbili za mwaka, kwa hiyo D78 ni Aprili 1978. Baadaye F ilisimama kwa FujiGen, kwanza na tarakimu moja ya mwaka, na kuanzia 1997 na mbili. Kwenye Squier, ICS maana yake ni Indonesia, kiwanda cha Cort, Squier, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. JV ni Squier na Fender za Japani za 1982 hadi 1984, na hapa nitasema wazi: ningechagua Squier ya JV kuliko Fender nyingi za Marekani za mwishoni mwa miaka ya sabini. Jina dogo kichwani si lazima liwe gitaa dogo.

Kuna hadithi moja ya Japani inayotumika vibaya. Mwaka 1977 Norlin, iliyokuwa mmiliki wa Gibson, iliishtaki Elger, msambazaji wa Ibanez nchini Marekani, kuhusu umbo la kichwa cha gitaa. Waliyamaliza nje ya mahakama mwaka uliofuata. Tangu hapo kila kopi ya Kijapani ya miaka hiyo, hata ya kiwanda kisichohusika kabisa, huuzwa kama "gitaa la kesi" kwa bei ya juu. Kesi ilikuwa moja, ya chapa moja.

Magitaa ya bendi

Gitaa lililopitia bendi zetu za zamani haliwezi kusomwa kwa macho ya mkusanyaji wa Chicago. Katika bendi za taasisi, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa chini ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri na mpigaji alikuwa mfanyakazi. Gitaa lilipigwa usiku, likapigwa na mwingine kesho, likaharibika, likatengenezwa kwa kipuri kilichopatikana. Funguo za kukazia nyuzi za chapa moja, pikapu ya nyingine, nati ya mfupa iliyochongwa na fundi seremala. Hapo mchanganyiko si utapeli. Ndivyo gitaa lilivyobaki hai. Ukilikuta la namna hiyo, tafuta umri wa kila kipande peke yake, na usilazimishe tarehe moja.

Mfano wa kufikirika

Tuseme umepelekewa Stratocaster, kichwa kinene, maandishi ya Fender, rangi imechubuka. "Ya 1965, ya Marekani, ilikuwa ya mzee mmoja." Kichwa kinene kinamsaidia muuzaji: kilianza mwishoni mwa mwaka huo. Unahesabu freti, ziko 22. Briji imeegemea nguzo mbili. Rula inasema 52 na kitu kati ya uzi wa kwanza na wa sita. Unapitisha ukucha juu ya maandishi ya Fender na unausikia ukingo wa stika, imebandikwa juu ya rangi. Nyuma ya kichwa, mahali pa namba, pamepigwa msasa. Unafungua bamba la mbele: poti ndogo, hazina msimbo, lehemu ya kiwandani haijaguswa.

Mwaka kamili huujui na hutaujua, kwa sababu aliyepiga msasa ameufuta. Lakini kila sakafu imekwisha pita 1987, vipuri ni vya Asia, na umbo hilo, kichwa kinene pamoja na freti 22 na nguzo mbili, linafanana na Squier Standard za Indonesia za baada ya 2000. Ipige. Kama shingo imenyooka na freti zina uhai, mpe bei ya Squier iliyotumika, utoe humo gharama ya kubadilisha swichi inayokwaruza, na stika yake ya Fender mwachie aibandue mwenyewe.